Mtoto wa Bofa Asiyejua Kuogelea

Mtu akizaliwa Bofa, walio mbali humdhania kuwa ni nusu samaki. Humwona kwa macho ya fikira akitoka mlangoni kwao asubuhi, akitupa shati mchangani na kuzama, kisha akiibuka na changu mkononi. Nami nilizaliwa Bofa, katika nyumba ya makuti ambayo usiku wa maji kujaa mlio wa mawimbi hufika hadi kitandani. Lakini nilitimiza miaka kumi na tisa bila ya kujua kuogelea. Maji yakinifika kifuani, roho ilinipaa. Jambo hilo nililificha miaka yote, na ningaliendelea kulificha lau si mwaka wangu wa kwanza wa chuo kikuu.

Nataka kumsimulia msomaji habari za mwaka huo. Si kwamba ni habari za ajabu. Ila najua wapo vijana wengi wanaouanza mwaka kama ule sasa hivi, na wapo wazazi wengi wanaowasindikiza watoto wao mpaka langoni bila ya kujua watarudishiwa mtu wa namna gani.

CHUO MLANGONI

Bofa ni ufuo mrefu wa mchanga mweupe, kaskazini ya mji wa Kilifi. Mbele yake bahari imezuiwa na mwamba, na kati ya mwamba na mchanga pana maji ya kina kifupi ambayo yakipwa mtu aweza kuyatembea kwa miguu. Nyuma ya ufuo ni minazi, majumba ya wageni, na huko ndani zaidi ni sisi wenyeji.

Wazee wetu bado husimulia Kilifi ya kivuko, kabla ya mwaka 1991 daraja lilipofunguliwa. Magari na watu walipanga foleni kungoja zamu ya kuvuka hori kutoka upande wa Mnarani, penye magofu ya misikiti ya kale, kuja upande wa mjini. Zama hizo mtoto wa Kilifi aliyejaliwa kufika chuo kikuu alifungiwa mizigo, akaagwa kama mtu anayekwenda Unguja kwa jahazi, akaelekea Nairobi au Eldoret. Kisha mwaka 2007, mahali palipokuwa na chuo cha kilimo hapo Kilifi pakafanywa tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2013 likapewa hati yake lenyewe likawa Chuo Kikuu cha Pwani. Tangu hapo mtoto wa Bofa aweza kulala kwao, akala sima ya mama yake, na asubuhi akaenda kusomea shahada.

Hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yangu. Wenzangu walioshuka kutoka mabasi ya Kisii, Meru na Lodwar walikuwa watu wazima tangu siku ya kwanza. Walijitafutia vyumba, walijipikia, walijiamsha. Mimi kila jioni nilirudi kwenye karai lile lile nililolizoea tangu utotoni. Mamangu ni mama karanga. Hununua samaki kwa wavuvi wanapofika ufuoni, huwakaranga, na jioni huwauza kando ya barabara. Moshi wa kuni zake umenisomesha tangu darasa la kwanza. Na kila nirudipo maswali yalikuwa yale yale: umekula nini, umekaa na nani, kesho unaamka saa ngapi.

Sheria ya nyumbani kwetu ilikuwa moja, nayo haikuwa na maelezo. Hakuna kuingia baharini. Watoto wa jirani wakiteremka kucheza na mawimbi, mimi niliitwa nikachochee moto. Nilipouliza sababu niliambiwa, "Kazi yako wewe ni kitabu. Bahari tumekwisha kuipa fungu lake."

Fungu lenyewe nalijua. Baba alikuwa mvuvi. Mwezi wa Julai 2009, katika kusi, mtumbwi wake ulionekana umepinduka nje ya mwamba, na siku ya pili yake wakampata na yeye. Nilikuwa na umri wa miaka mitano. Ninachokikumbuka ni miguu mingi ya watu uani, na mjomba akinibeba begani kunipeleka kwa majirani.

Kitu cha kukatazwa huvuta. Nilipopata nafasi ya chuo, Septemba 2023, somo nililopangiwa na ambalo nililichagua mwenyewe kwa kalamu yangu lilikuwa elimu ya viumbe vya bahari na uvuvi. Mama aliponiuliza ninakwenda kusomea nini, nilimwambia ninasomea elimu ya viumbe. Maneno mawili ya mwisho niliyameza. Yeye akaelewa kuwa nitakuwa daktari, akawaambia wateja wake wote, nami nikanyamaza. Ndivyo nilivyouanza mwaka wangu wa kwanza, nikiwa na nusu ya ukweli mdomoni na nusu tumboni.

BIBI WA PWEZA

Mwisho wa Oktoba mhadhiri wetu alituteremsha ufuoni, kundi zima, kutazama viumbe wanaobaki maji yanapopwa. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yametoka mbali mno, mwamba wote uko wazi, na madimbwi yanameremeta kama vioo.

Mhadhiri akauliza, "Nani mwenyeji wa hapa?"

Vidole vyote vikanielekea. Nilijiona mkubwa.

"Basi tuambie, mwenyeji. Mbona leo maji yametoka mbali hivi?"

Nikasema, "Yamekupwa tu, mwalimu."

"Kila siku hupwa namna hii?"

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Sikujua. Nilizaliwa hapo, nikalala na mlio wake miaka kumi na tisa, na sikujua. Wenzangu wakaanza kuchekana. Kwa bahati bibi mmoja alikuwa akipita na kijiti chake chenye ncha ya chuma, anatafuta pweza mashimoni. Akasimama, akatujibia bila ya kuombwa.

"Leo bamvua, mwanangu. Mwezi mpevu ulikuwa juzi. Ngojeni siku tano sita, mtakuta maji mafu, wala hamtauona mwamba huu."

Akaenda zake. Mhadhiri akatuambia tuandike maneno yale vile vile, kisha ndipo akatoa maelezo ya kitabu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, ndipo kujaa na kupwa huwa kukubwa. Katika pwani yetu ya Kenya tofauti ya maji ya juu na ya chini hukaribia mita 4 wakati huo. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvutana kwa pembe, nayo maji hayaendi mbali wala hayapandi sana. Ndiyo maji mafu. Na kwa kuwa mwezi huchelewa kila siku, maji nayo huchelewa yapata dakika 50. Ndiyo sababu katika bamvua hapa kwetu maji hupwa wakati wa saa nne asubuhi na kujaa wakati wa saa kumi, na jambo hilo hurudi kila bamvua. Mvuvi hana haja ya saa. Huutazama mwezi.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa na aibu. Ukweli ni kwamba sikumwonea wivu mhadhiri, nilimwonea wivu yule bibi. Aliyoyasoma mhadhiri mimi ningeweza kuyasoma. Lakini ya yule bibi yalikuwa yangu kwa urithi, na mlango wake nilikuwa nimefungiwa. Waswahili husema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mimi mtoto wa mvuvi sikujua hata siku ya kumtafuta.

MAJI YA ZIWA NA MAJI YA CHUMVI

Muhula ule mvua za El Niño zilinyesha sana, njia zikawa matope, nami nilikuwa na matope mengine kichwani. Mtihani mdogo wa kemia nilipata alama 11 katika 30. Shuleni nilizoea kukariri daftari na kulitapika, na mbinu hiyo ilinifikisha chuoni. Chuoni ikanitupa. Nilikunja karatasi ile nikaificha ndani ya kiatu cha zamani, kama mtoto wa darasa la tatu.

Aliyenitoa humo ni mwanafunzi mwenzangu kutoka Homa Bay. Alikuwa amepanga chumba kimoja huku huku Bofa, karibu na sisi. Siku moja aliniuliza nimepata ngapi, na kabla sijatunga uwongo akanionyesha yake. Alama 9. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikajikuta nacheka. Sijui kama wasomaji wataniamini nikisema kwamba kicheko kile kilinifunza kuliko mihadhara mingi. Nilikuwa nimeishi nikidhani mtu anayeshindwa hujificha. Kumbe yuko anayeshindwa akatafuta mwenzake wa kusoma naye. Tukawa tunasoma pamoja, yeye, mimi na wasichana wawili wa Taita, kila mmoja akifundisha alilolielewa na kuungama asilolielewa.

Yeye naye alikuwa na haja yake kwangu. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kizuri kwenye karatasi, ila sokoni kikimwangusha. Nilimfundisha kwamba muuza mbaazi na mahamri huamkiwa kwanza ndipo huagizwa, na kwamba mzee hapiti bila ya kupewa shikamoo yake hata ukiwa na haraka. Mimi mwenyewe miezi ya kwanza nilikuwa nimeanza kuitupa lafudhi yangu, nikijitahidi kuongea Sheng ya Nairobi nisionekane mshamba. Nilipomwona mtu wa ziwani akiihangaikia lugha yangu kama mali, niliona haya, nikairudia.

Mwezi wa Januari, baada ya kufunguliwa, alinitaka twende tukaoge baharini. Nikatoa udhuru. Mara ya pili nikatoa udhuru mwingine. Mara ya tatu akanitazama, akasema polepole, "Wewe hujui kuogelea."

Sikumjibu. Yeye amekulia kando ya Ziwa Viktoria, na kwao mtoto huingia majini kabla ya kuingia shule. Hakunicheka. Alisema tu, "Maji yenu yana chumvi. Yatakubeba kuliko ya kwetu. Njoo kesho alfajiri."

Ilikuwa kaskazi, wakati bahari ya Bofa inapotulia. Tulichagua siku za maji mafu, wakati ambapo mkondo hauna nguvu, tukaenda mbali na mahali wanaposhukia wavuvi, mama asije akaniona. Siku ya kwanza niliingia mpaka kiunoni nikatetemeka kama mtu mwenye homa. Siku ya pili alinilaza chali juu ya viganja vyake, akaniambia nitazame nyota ya mwisho nisitazame maji. Siku ya nne aliondoa viganja bila ya kuniambia. Nilikaa juu ya maji peke yangu, masikio ndani, nikisikia pumzi yangu mwenyewe na mchakato mdogo mdogo wa viumbe wa mwambani. Nilipogundua kwamba hanishiki, nilizama, nikanywa maji, nikasimama, nikacheka kwa sauti.

Mwezi mzima nilikuwa mwizi wa alfajiri. Nilirudi nikaoga maji ya kisima, nikavaa, nikaenda darasani. Nilijidai kuwa sina wa kunijua.

MAMA

Mtu anayekaranga samaki kila siku hawezi kufichwa harufu ya bahari. Asubuhi moja ya Februari nilitoka majini, nikapangusa macho, na mchangani alikuwa amesimama mamangu, leso imefungwa kiunoni, viatu vyangu mkononi. Mwenzangu alimwamkia, akaitikiwa vizuri, akajiondokea kwa adabu.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwa siku kama ile. Kwamba mimi ni mtu mzima. Kwamba mvuvi hufa kwa kutojua maji, na kuyajua ni usalama. Kwamba woga haumlindi mtu. Nilianza kuisema, nikafika mahali pa usalama. Akanikatiza kwa sentensi moja.

"Baba yako alikuwa akiogelea kuliko wewe, na kuliko huyo rafiki yako."

Hotuba ikafia hapo. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba mama ananikataza kwa kutoelewa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaelewa. Tulikaa mchangani, akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Siku ile ya Julai kusi ilivuma kwa nguvu. Wenzake baba wote walivuta vyombo juu, wakakaa chini ya mkungu wakishona nyavu. Baba alitoka peke yake. Tulikuwa na deni dukani, mwenye duka alikuwa amekwisha kusema mbele za watu, na unga ulikuwa umekwisha. Mjomba alimshika mkono akamwambia leo haitokwi. Baba akamjibu kwamba bahari aijua.

"Na kweli aliijua," mama akasema. "Alijua ya kuwa haitokwi. Alitoka kwa sababu ya njaa. Mimi sikukupeleka shule uwe tajiri. Nilikupeleka ili siku ikiwa mbaya uweze kukaa."

Msomaji mpenzi, nimehudhuria mihadhara mingi mwaka ule, na mingi nimeisahau. Maneno yale sitayasahau. Nilidhani elimu ni ngazi ya kupanda juu ya watu wa kwetu. Mamangu, ambaye aliachia darasa la pili, aliniambia kuwa elimu ni uwezo wa kutolazimika. Mwenye uwezo huo husikia ushauri wa upepo. Asiye nao huusikia vile vile, ila atoke.

Hapo nami nikatema yale maneno mawili niliyoyameza. Nikamwambia kwamba sitakuwa daktari, na kwamba viumbe ninavyovisomea ni vya bahari. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua. Vitabu vyako vina picha za samaki. Mimi siwezi kusoma Kiingereza, lakini samaki nawajua." Akaongeza, bila ya kutabasamu, "Tena yule wa ukurasa wa mbele ni tafi, na mmemwandikia jina refu bure."

Alinipa ruhusa siku ile kwa sharti moja. Niende kwa mjomba nikajifunze kwa mtu anayejua, si kwa wizi. Na mjomba akisema leo haitokwi, nisitoke, hata kama chuo kizima kimenituma.

DEMA LENYE MLANGO

Mjomba wangu ni mtu wa mishipi na madema. Juya halipendi. Hata kabla serikali haijalipiga marufuku mwaka 2001 alikuwa akisema kwamba juya ni ufagio, na anayefagia bahari atakula vumbi. Nilipomfikia na daftari langu alinitazama kwa kejeli. "Mpwangu umekuja kunifundisha?" Nikamwambia nimekuja kufundishwa. Akanipa upo nikateke maji yaliyovuja mtumbwini. Huo ndio uliokuwa muhadhara wake wa kwanza, nao ulichukua asubuhi nzima.

Kwa kila Jumamosi ya kaskazi ile niliandika kidogo. Niliandika majina ya sehemu za bahari, kwani nilikuwa nikidhani bahari ni moja, kumbe ina mitaa kama mji: kuna mlango wa mwamba, kuna fungu, kuna mkondo, kuna kilindi. Niliandika kwamba dema hutegwa karibu na nyasi za baharini kwa kuwa tafi huja kula, na mwaka huo huo nikasoma darasani kwamba nyasi hizo ni malisho na ni kitalu cha samaki wachanga. Mjomba hakusema kitalu. Alisema, "Pale ndipo wanapolelewa." Niliona kwamba maneno ni mawili, jambo ni moja.

Lakini si kila kitu alikijua yeye, wala si kila kitu kilikijua kitabu. Nilimweleza kwamba katika pwani yetu yamejaribiwa madema yaliyoachwa upenyo mwembamba ili samaki wachanga wapate kutoka, na wakubwa wabaki. Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mimi niwatege au niwakaribishe?" Sikubishana naye. Wiki mbili baadaye nilikuta dema moja katika madema yake limeachwa nafasi ubavuni. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Siwezi kusema kwamba tulitajirika kwa dema lile. Ila mama, aliyenunua samaki wake, alisema wametoka wachache na wakubwa, na mkubwa mmoja hununuliwa upesi kuliko wadogo watatu.

Mwanzo wa Aprili 2024, wakati wa tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu na bahari hulala kama mafuta, mjomba alinichukua hadi kwenye mwamba wa nje. Niliingia majini kwa miguu yangu, na kioo cha kuzamia usoni. Ningependa kusema niliona bustani. Niliona matumbawe mengi yamekuwa meupe, kama mifupa iliyooshwa. Maji yalikuwa na joto lisilo la kawaida. Mjomba akanambia kwamba aliwahi kuona weupe ule mara moja kwa ubaya mkubwa, mwaka wa El Niño ya 1998, na baada yake samaki wa mwambani wakawa adimu kwa miaka. Mwezi ule ule wa Aprili wataalamu wa mambo ya bahari walitangaza kwamba matumbawe yanapoteza rangi katika bahari zote kubwa za dunia kwa sababu ya joto. Niliisoma taarifa hiyo maktabani, nikakumbuka kwamba mzee asiyejua kompyuta alikuwa amekwisha kuniambia, na kunipa na mwaka wa kulinganishia.

Nilikuja kusoma bahari ili nijue mahali baba alipopotelea. Siku ile nilifahamu kwamba bahari yenyewe nayo yaweza kupotea ikiwa hapo hapo mbele ya macho yetu. Tangu hapo kemia nimeisoma kwa sababu nyingine. Mtihani wa mwisho wa mwaka niliupita, si kwa alama za kujisifia, lakini niliupita, na karatasi yake haikuingia kiatuni.

MWAKA UMETIMIA

Julai 2024 kusi ilirudi kama ada yake. Minazi ya Bofa ilikuwa imepinda upande mmoja, vyombo viko juu mchangani, na wavuvi wako chini ya mkungu wakishona. Ilikuwa imetimia miaka 15 tangu baba kufa. Nilikuwa likizoni, nachochea moto kama zamani. Samaki walikuwa wachache, kwa hivyo mama alikuwa akikaranga viazi. Akaniuliza, macho yake kwenye karai:

"Leo ni bamvua au maji mafu?"

Nikautazama mwezi wa mchana, nusu kamili juu ya minazi. "Maji mafu, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. "Basi chukua ndoo ukaniletee maji ya kisima."

Nilikwenda. Shahada bado ni safari ndefu, na kwa mama mimi ni mtoto wa kuchota maji. Wala sikuona ubaya wake.

Vijana wanaoingia vyuoni mwaka huu huambiwa mengi kuhusu mwaka wa kwanza. Huambiwa wajihadhari na marafiki wabaya, wasipoteze fedha, wahudhurie mihadhara. Yote ni kweli. Mimi naongeza moja tu la kwangu. Kila mmoja anakuja chuoni na bahari yake aliyokatazwa, au aliyojikataza: somo analoliogopa, lugha anayoionea haya, swali asiloliuliza nyumbani. Mwaka wa kwanza ndio wakati wa kuingia ndani yake, kwa sababu bado unaruhusiwa kutojua. Lakini usiingie kwa wizi kama mimi. Muulize kwanza aliyekukataza, umsikilize mpaka mwisho. Huenda akawa hakukukataza kwa ujinga.

Na wazazi nao, kama wana neno walilolifunga ndani kwa miaka, walifungue kabla mtoto hajakwenda. Mimi nililipata langu mchangani, shati limelowa, viatu vyangu viko mkononi mwa mamangu. Nashukuru kwamba nililipata. Ila lingenifaa zaidi lau ningalipewa Septemba, siku ile nilipofunga mkoba wangu mpya nikatoka mlangoni kwetu, nikidhani kwamba chuo kipo mwendo mfupi tu kutoka Bofa.